Sheria ya Saa 24 Haipo

Kenya na Tanzania zinashiriki imani moja iliyoota mizizi kuliko vifungu vingi vya sheria: kwamba mtu akitoweka, polisi hawapokei taarifa mpaka zipite saa 24, na wengine husema 48. Jirani humwambia hivyo mama anayetaka kwenda kituoni usiku. Mwalimu humwambia hivyo baba aliyekuja shuleni jioni kumuulizia mwanawe. Kibaya zaidi, wapo askari wa kaunta wanaoitamka imani hiyo kana kwamba wanasoma amri iliyobandikwa ukutani. Kwa kuwa inasemwa na wengi, na inasemwa kwa sauti ya mamlaka, watu wachache huuliza imeandikwa wapi.

Haijaandikwa popote. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya Kenya ya 2011 inataja miongoni mwa kazi za polisi kulinda maisha na mali na kuwasaidia wananchi wanapohitaji msaada. Haimtaki mwananchi asubiri siku nzima ndipo maisha ya mwanawe yastahili kulindwa. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 haina sharti hilo. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 53, inayaweka maslahi ya mtoto juu ya mambo mengine yote katika kila suala linalomhusu. Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakwenda mbali zaidi: kifungu cha 95 kinampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuifikisha taarifa hiyo kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Anayetakiwa na sheria kutoa taarifa hawezi wakati huohuo kutakiwa kunyamaza hadi kesho.

Muda umetajwa katika sheria kwa jambo lingine kabisa. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 118A, inasema kwamba mtu asiyesikika kwa miaka saba na wale ambao kwa kawaida wangepaswa kupata habari zake huchukuliwa kuwa amefariki, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kipindi hicho kipo kwa ajili ya mirathi, ndoa na mali; ni kipindi cha kukata tamaa kisheria. Mahali pekee ambapo sheria inataka watu wangoje ni kabla ya kumhesabu aliyetoweka kuwa marehemu. Kabla ya kumtafuta akiwa hai, haitaki wangoje hata saa moja.

Mzizi wa imani hii ni hoja ambayo haikuwahi kuwahusu watoto. Mtu mzima ana uhuru wa kwenda atakako bila kuaga. Anaweza kulala kwa rafiki, kusafiri ghafla, au kuamua kuikimbia ndoa. Polisi wa nchi nyingi walikuwa na mazoea ya kuacha muda kidogo upite kabla ya kumtafuta mtu wa aina hiyo, na filamu za kigeni zikayaeneza mazoea hayo duniani kama kanuni. Marekani, zilikotoka nyingi kati ya filamu hizo, ilishapitisha sheria mwaka 1990 inayokataza chombo chochote cha usalama kuweka muda wa kusubiri kabla ya kupokea taarifa ya mtoto aliyetoweka. Hivyo Afrika Mashariki inashikilia kanuni ambayo haikuitunga na ambayo wenyewe waliitupa zaidi ya miaka 30 iliyopita. Hata kwa mtu mzima, hoja ya uhuru ina mpaka. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau aliyetoka nyumbani asubuhi bila viatu hajatumia uhuru wake, amepotea. Mgonjwa wa akili aliyeacha dawa, mama mwenye mimba changa aliyetishiwa na mume, kijana aliyechukuliwa na watu wasiojitambulisha: hakuna kati yao ambaye siku moja ya kusubiri inamheshimu kwa lolote.

Watetezi wa kusubiri husema saa 24 si nyingi. Katika ukanda huu ni nyingi mno. Kutoka Nairobi hadi mpaka wa Namanga ni safari ya saa chache kwa gari. Basi linalotoka Dar es Salaam alfajiri hufika Tunduma, zaidi ya kilomita 900, usiku wa siku hiyohiyo, na ng'ambo ya pili ni Zambia. Mtoto aliyechukuliwa saa nne asubuhi anaweza kuwa nchi nyingine kabla mzazi hajamaliza kuwapigia simu ndugu wote. Siku hiyohiyo ushahidi nao huyeyuka. Baadhi ya kamera za usalama hufuta picha za zamani ili kupata nafasi ya mpya. Kondakta aliyembeba mtoto hubeba mamia ya abiria wengine na kusahau sura. Muuza genge aliyeona gari likisimama hukumbuka rangi yake leo, lakini baada ya siku tatu hana hakika hata ya siku yenyewe. Simu ya kijana huzimika chaji. Mvua hunyesha juu ya nyayo.

Kuhusu visa vibaya kabisa, takwimu zipo. Utafiti wa ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Washington nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 1997 na kuendelezwa mwaka 2006, ulichambua mamia ya kesi za watoto waliotekwa na kuuawa. Ule wa 2006 ulionyesha kwamba asilimia 76 ya watoto hao walikuwa wamekwisha kuuawa ndani ya saa tatu baada ya kutekwa, na karibu asilimia 89 ndani ya saa 24. Utekaji wa namna hiyo ni nadra, na utafiti ulifanywa katika nchi yenye mazingira tofauti. Hata hivyo, anayeshauri familia isubiri siku nzima anaishauri iache zipite saa ambazo karibu visa vyote vya aina hiyo huamuliwa. Watu wazima nao hawako salama zaidi. Ali Mohamed Kibao, kiongozi wa chama cha CHADEMA nchini Tanzania, alishushwa kwenye basi jijini Dar es Salaam tarehe 6 Septemba 2024. Mwili wake ulipatikana siku iliyofuata. Kwa hesabu ya saa 24, alikuwa bado hajatimiza masharti ya kuitwa aliyetoweka.

Hoja ya pili ya watetezi wa kusubiri ina ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo ndiyo hupotosha zaidi: watoto wengi hurudi. Ni kweli. Wengi hupatikana kwa shangazi, uwanjani, kwenye sherehe ya mtaa wa pili, au wamepitiwa na usingizi kwa rafiki. Lakini hakuna anayejua mapema ni yupi atarudi na yupi hatarudi. Wote wawili, jioni ya kwanza, wanafanana: kitanda ni kitupu na simu haipokelewi. Takwimu inayowahusu wengi haimwambii mzazi lolote kuhusu mtoto wake. Na gharama za makosa mawili hayo hazilingani. Taarifa iliyotolewa kwa mtoto aliyekuwa kwa shangazi hugharimu ukurasa wa daftari na nusu saa ya askari. Hufutwa kwa simu moja. Taarifa iliyocheleweshwa kwa mtoto aliyetekwa haifutiki. Waswahili wana methali mbili hapa, na jamii imechagua isiyohusika. Subira huvuta heri kwa anayelima na anayesoma. Kwa anayetafuta mtoto, ngojangoja huumiza matumbo.

Kipimo sahihi, basi, ni mazingira. Mtu ametoweka pale wanaomjua wanaposhindwa kueleza yuko wapi, na kutokuwapo kwake kunapingana na mazoea yake au kunamweka hatarini. Mtoto wa miaka minne asiyeonekana uani kwa dakika 15 ametoweka. Mwanafunzi anayefika nyumbani saa kumi kila siku, na leo saa kumi na mbili hayupo, shuleni aliondoka na hakuna rafiki aliyemwona, ametoweka. Kijana wa miaka 17 aliyezoea kuchelewa huenda bado hajatoweka saa mbili usiku; lakini akiwa ameacha simu, au amechukua nguo zote, au juzi alitishiwa, ametoweka hata kabla jua halijazama. Anayeweza kupima hayo ni mzazi, mlezi, mwalimu au jirani anayeyajua mazoea ya mtu huyo. Mashaka yao ni taarifa yenye thamani, na askari anayeyapuuza anatupa ushahidi wa kwanza kabisa.

Kuna kundi moja la watoto ambao kwao imani ya kusubiri huvaa joho la maadili. Ni watoto waliotoroka. Husemwa kwamba mtoro ameondoka kwa hiari, amekosa adabu, njaa itamrudisha. Kauli hiyo inachanganya uamuzi na usalama. Mtoto anaweza kuondoka kwa miguu yake mwenyewe na bado akawa hatarini kuliko aliyepotea njia, kwa sababu aliyepotea huomba msaada na mtoro hujificha. Anayejificha hutafuta wa kumficha, na katika stendi za mabasi wapo watu wanaowangojea watoto wa namna hiyo wakiwa na chakula, pa kulala na ahadi ya kazi za ndani. Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Watu ya Kenya ya 2010, na ile ya Tanzania ya 2008, zinaelewa jambo ambalo mazungumzo ya mitaani hayalielewi: ridhaa ya mtoto si kinga kwa anayemtumikisha. Binti aliyekubali kupanda basi kutoka kijijini kwenda kufanya kazi mjini, na sasa hapatikani, hajaacha kuwa mtoto aliyetoweka kwa sababu alipanda basi akicheka.

Tena watoto hawatoroki bure. Katika mkoa wa Mara nchini Tanzania, misimu ya ukeketaji huangukia mwezi Desemba, na kila msimu wasichana hukimbia makwao kwenda kwenye nyumba salama, kama zile za Masanga wilayani Tarime na Mugumu wilayani Serengeti. Msichana wa namna hiyo ni mtoro machoni pa baba yake, lakini kwa kweli amejiokoa. Wengine hukimbia kipigo, ndoa ya utotoni, au ndugu anayewanyanyasa usiku. Hapo hutokea swali la haki: je, kuripoti kila mtoro si kumrudisha kwa anayemkimbia? Jibu ni kwamba taarifa ya kutoweka ni ombi la kuthibitisha kama mtoto yuko salama, na haimlazimishi yeyote kumrudisha. Akipatikana, anayepaswa kuamua alale wapi ni afisa wa watoto nchini Kenya, au afisa ustawi wa jamii nchini Tanzania, baada ya kumsikiliza mtoto mwenyewe faraghani. Polisi wanaomkabidhi mtoto nyumbani bila kumuuliza alikimbia nini wamefunga jalada tu. Kosa hilo ni la kusahihishwa katika utaratibu wa kupokea watoto. Halihalalishi kuwaacha bila kutafutwa.

Imani nyingine inayosaidia kuchelewesha taarifa ni ile ya mtekaji mgeni. Watu wengi humwazia mtekaji kama mtu asiyejulikana, mwenye gari la vioo vyeusi. Kwa hiyo mtoto akionekana mara ya mwisho na mjomba, na dada wa kazi, na kocha au na kiongozi wa dini, familia hutulia. Matukio ya miaka ya karibuni yanakataa utulivu huo. Masten Wanjala, aliyekamatwa nchini Kenya Julai 2021 na kukiri kuwaua watoto zaidi ya kumi, aliwavuta baadhi yao kwa kujifanya kocha wa mpira. Huko Muleba, mkoani Kagera, mtoto mwenye ualbino wa umri wa miaka miwili na nusu alinyakuliwa mwishoni mwa Mei 2024 na mwili wake kupatikana katikati ya Juni. Miongoni mwa watu tisa walioshtakiwa walikuwamo baba yake mzazi na paroko msaidizi. Uchunguzi wa BBC Africa Eye wa mwaka 2020 jijini Nairobi ulionyesha watoto wachanga wakiibwa kwa akina mama wasio na makazi na wengine wakiuzwa kupitia watu wenye vyeo hospitalini. Na katika mkasa wa dhehebu la kufunga hadi kufa huko Shakahola, kaunti ya Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilikuwa imefukuliwa kufikia Julai 2023, watoto wengi walipelekwa msituni na wazazi wao wenyewe. Mabibi na mababu waliouliza wajukuu wao wako wapi walikuwa wakiripoti watu waliotoweka, ingawa mtoto alikuwa "pamoja na mama yake".

Kutokana na hayo, swali la kwanza la askari halipaswi kuwa "nani amemchukua?" kana kwamba jina la mtu anayejulikana linamaliza shauri. Mzazi aliyemchukua mtoto kinyume cha amri ya mahakama, ndugu aliyempeleka mtoto kusikojulikana kwa ahadi ya shule, mwajiri aliyemfungia binti ndani: wote ni watu wanaojulikana, na wote wanahitaji kutafutwa mara moja.

Imani ya mwisho ni ya kisasa: kwamba picha ikisambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, taarifa imetolewa. Kusambaza picha kuna faida kubwa. Shirika la Missing Child Kenya, ambalo hukusanya na kutangaza picha za watoto waliopotea na waliopatikana, limethibitisha kwamba jamii ikiona sura ya mtoto humtambua. Lakini tangazo halina mamlaka ya kuomba kumbukumbu za simu, kuingia kwenye nyumba iliyofungwa, wala kutuma ujumbe mpakani Sirari au Horohoro. Tangazo lenye namba ya simu ya mama, bila namba ya polisi, huwaalika matapeli. Hupiga wakidai wako na mtoto na kutaka fedha kwa njia ya simu, na familia yenye uchungu hutuma. Tangazo lisilofutwa baada ya mtoto kupatikana humfuata hadi utu uzima. Na uvumi usio na taarifa rasmi nyuma yake huzaa jambo la kutisha kuliko yote: umati unaomvamia mpita njia kwa kudhani ni mwizi wa watoto. Hata mtuhumiwa halisi akiuawa na umati, haki haipatikani. Wanjala alitoroka mahabusu Oktoba 2021 na kuuawa na wananchi Bungoma kabla ya kesi yake kusikilizwa. Familia za watoto wale hazitasikia kamwe ushahidi wote ukitolewa mahakamani.

Pingamizi zito kuliko yote ni la wale wasiowaamini polisi. Husema: kuna faida gani kuripoti kwa watu wanaodai hongo ya mafuta ya gari, au wanaoshukiwa wenyewe? Shaka hiyo ina msingi. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilisema mwishoni mwa Desemba 2024 kwamba ilikuwa imeorodhesha visa 82 vya utekaji na kutoweka tangu Juni mwaka huo, na watu 29 bado hawakuwa wamepatikana. Hata hivyo, tume, mawakili na mahakama huanza kazi yao kwenye maandishi: tarehe, saa, kituo, namba. Familia iliyoandikisha taarifa ina cha kumuonyesha hakimu inapoomba amri ya kumleta aliyetoweka mahakamani. Kituo kinachoshindwa kutenda kinaweza kuwajibishwa, nchini Kenya kupitia mamlaka huru ya kusimamia polisi, pale tu inapothibitika kuwa kiliambiwa. Kutoripoti hakuwaadhibu polisi wabaya. Kunawapa nafasi ya kusema hawakujua.

Kuripoti vizuri nako kuna utaratibu wake. Hatua ya kwanza ni kukagua haraka mahali mtu anapoweza kuwa: ndani ya nyumba yenyewe hadi uvunguni na kwenye matangi ya maji, kwa majirani, shuleni, kwa marafiki. Ukaguzi huo haupaswi kuzuia safari ya kituoni. Mmoja atafute, mwingine aende. Kituoni hupelekwa picha ya karibuni, jina na majina ya utani, umri, kimo, alama za mwilini, nguo alizovaa, lugha anazozungumza, maradhi na dawa, namba ya simu, na maelezo ya nani alimwona mwisho, wapi na saa ngapi. Ugomvi wa nyumbani usifichwe kwa aibu, kwa kuwa mara nyingi ndio unaoonyesha njia aliyoshika. Vyumba na vitu vya aliyetoweka visifanyiwe usafi. Anayeripoti asiondoke bila namba ya kumbukumbu, inayoitwa OB nchini Kenya na RB nchini Tanzania, pamoja na jina la askari aliyekabidhiwa jalada. Nchini Tanzania inafaa kuomba Dawati la Jinsia na Watoto. Nchini Kenya, afisa wa watoto wa eneo ajulishwe. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo katika nchi zote mbili. Chifu, mwenyekiti wa mtaa na wazee wa nyumba kumi wajulishwe pia, lakini taarifa kwao haichukui nafasi ya ile ya polisi.

Askari akijibu "rudi kesho", jibu halali ni kumuomba aandike kukataa kwake, kisha kumtaka mkuu wa kituo. Ombi hilo dogo mara nyingi hufungua daftari. Kama halifungui, kituo kingine au ofisi ya upelelezi ya wilaya inaweza kupokea taarifa. Siku zinazofuata, familia hupita hospitali, makao ya watoto na, kwa ujasiri mkubwa, vyumba vya kuhifadhia maiti, na kuzipeleka habari zote mpya kwa mpelelezi mmoja.

Wajibu haumwangukii mzazi peke yake. Anayemwona mtoto mdogo akilia na mtu mzima asiyejua jina lake, binti wa kazi aliyenyang'anywa simu na asiyetolewa nje, au mtoto mgeni aliyeanza kulala sokoni, ameona dalili za kutoweka kwa upande wa pili. Aliyemwokota mtoto aliyepotea anamtendea wema kwa kumpeleka kituoni au kwa afisa wa watoto siku hiyohiyo. Akimweka kwake kwa huruma bila kutoa taarifa, familia inayotafuta haitampata, na yeye mwenyewe anaweza kushtakiwa.

Imani ya saa 24 haitakufa kwa kupuuzwa. Wakuu wa polisi wa nchi hizi wanaweza kuiua kwa tangazo la sentensi moja, likibandikwa kwenye kila kaunta na kusomwa katika kila gwaride la asubuhi: taarifa ya mtu aliyetoweka hupokelewa saa yoyote, na taarifa ya mtoto hushughulikiwa papo hapo. Walimu wakuu wanaweza kuwaambia wazazi hivyo katika kikao cha kwanza cha mwaka, na maimamu na wachungaji baada ya ibada. Mpaka hilo lifanyike, kila anayemwambia mzazi asubiri anapaswa kuulizwa kifungu cha sheria anachokitegemea. Hatakitaja, kwa sababu hakipo.